Nisomee: Mhadhara Kuhusu Jina la Mwandishi



Nimekaribishwa hapa Kaloleni kwa maneno mawili: "mwandishi mashuhuri". Hilo la pili nitaliacha. Waliolitamka walikuwa na adabu zao za kumpokea mgeni, na mgeni hagombani na wenyeji wake. Hilo la kwanza ndilo lililonitoa nyumbani. Kwa miaka mingi nimeliogopa. Nikijaza fomu, penye neno "kazi" huandika "mwalimu", kwa kuwa nilifundisha kweli miaka kumi na tisa, na sijawahi kuona mwalimu akiombwa kuthibitisha. Ukisema "mwandishi", swali la pili huwa tayari: "Wa habari?" Ukijibu la, wa vitabu, la tatu linafuata: "Kipi kinachotahiniwa?" Ukiwa huna kitabu cha mtihani, unatazamwa kama mtu aliyejiita rubani na hana ndege.

Basi leo nataka tuulizane ni nani mwenye haki ya kujiita mwandishi, hasa huku kwetu Eastlands, kuanzia Kariokor hadi Kayole. Sitaanzia vitabuni. Nitaanzia kwenye veranda moja ya Makongeni, hatua chache kutoka ukumbi huu.

Nilikulia Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Safu yetu ilikuwa na mzee tuliyemwita Karani, aliyestaafu kutoka stoo ya reli. Jioni, hasa mwisho wa mwezi, alitoa nje meza ndogo, daftari la karatasi za mistari na kalamu ya buluu. Mwenye shida alikaa mbele yake juu ya kreti ya soda, akasema. Karani akaandika. Barua zilikwenda Siaya, Kakamega, Murang'a, Kitui. Nyingine zilitiwa posta, na nyingine tulitumwa kuzipeleka kwenye stendi ya mabasi ya mashambani pale Landhies, ile tunayoiita Machakos Airport ingawa haijatua ndege hata siku moja, tukazikabidhi kwa kondakta pamoja na kilo mbili za sukari.

Macho ya Karani yalipoanza kufifia, mimi nikawa mkono wake. Nilikuwa darasa la sita. Malipo yangu yalikuwa mandazi mawili, au soda ikiwa barua ilikuwa ya kudai deni, maana hizo zilitaka ujasiri. Nilijiona mwandishi. Nilikuwa na Kiswahili cha shule, methali za kupamba insha, na tashbihi za baharini ambazo mtoto wa Makongeni, aliyekuwa hajaona maji mengi kupita Mto Ngong, hakuwa na haki nazo.

Jioni moja akaja mama aliyeuza samaki. Mumewe alikuwa Mombasa, bandarini. Alisema maneno machache. Mwambie mtoto aliugua na amepona. Mwambie mvua inaingia upande wa kitanda. Mwambie pesa asizipitishe tena kwa mkono wa yule binamu yake. Mimi nikajaza kurasa mbili. Nikatia machozi, nikatia usiku wa giza totoro, nikatia moyo unaoyumba kama jahazi lililokatika nanga. Nilipomaliza nikakunja karatasi. Yule mama hakuipokea. Akasema neno moja tu: "Nisomee."

Nikamsomea. Alisikiliza akitazama miguu yake. Nilipofika kwenye jahazi akainua mkono. "Mimi sikusema hivyo," akasema. "Akisoma hayo atajua si mimi. Na akijua si mimi, hatanijibu mimi."

Tukaanza upya. Barua ikawa ya mistari tisa. Karani hakusema lolote, ila siku hiyo nilipewa andazi moja.

Tangu wakati huo nimesoma vitabu vingi vya nadharia ya fasihi, na vingine nimevifundisha. Sijakutana na sheria kali kuliko lile neno la muuza samaki. Dai langu la leo ni hilo hilo: mwandishi ni yule anayekubali kuambiwa "nisomee" na watu waliomo ndani ya maandishi yake, asiondoke kitini hadi wamalize kumsahihisha. Kuchapishwa ni jambo jema, na tuzo ni jambo jema zaidi kwa mwenye karo za kulipa, lakini hayo ni mambo ya baadaye na yanaweza yasije kabisa.

Tutazame kidogo lugha yetu, kwa sababu inakumbuka mambo ambayo sisi tumeyasahau. Kuandika si kupiga wino tu. Wazee wa pwani huandika meza: wanapanga sahani na vikombe kabla ya wageni kuketi. Kisha kuna kuandikwa. Kila alfajiri vijana hutoka Mbotela, Makongeni, Mukuru na hapa Kaloleni, wakaenda kusimama kwenye mageti ya viwanda vya Inda, yaani Industrial Area, wakisubiri kuandikwa. Wanaoandikwa huingia, na waliobaki hurudi nyumbani na nauli waliyoikopa. Na huyo aliyeandikwa kwa siku moja tunamwita nani? Kibarua. Kibarua ni barua ndogo, yaani ile kadi ambayo zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa, siku zake zikitiwa alama moja moja hadi zitimie, ndipo alipwe. Karatasi ilimmeza mwenyewe. Mtu akisema "mimi ni kibarua" anasema, bila kujua, kwamba yeye ni kijikaratasi.

Na mbali na kadi ya kibarua kulikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na hati yenye jina lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake, ikiwa ndani ya kikebe cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Mwajiri aliandika ndani yake. Mwenye shingo hakuruhusiwa kutia hata nukta. Huku Eastlands, jamani, tuliandikwa kabla hatujaandika, na hakuna aliyetusomea.

Chukua Kariokor. Leo ukilitaja jina hilo watu wanafikiria nyama choma na viondo. Ni jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa risasi na unga wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, wakavuka nao nyika za Tanganyika. Kariakoo ya Dar es Salaam imezaliwa na jina hilo hilo. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Mwaka 1928 wakasimamishiwa sanamu katikati ya mji, kwenye barabara tunayoiita leo Kenyatta Avenue: mpagazi na askari wawili wa shaba, na chini yao maneno kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling.

Kipling alikuwa mwandishi kwa kila kipimo ambacho dunia inakitambua. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Wala hakuwa mtu asiyejua msiba: mwanawe wa pekee aliuawa mwaka 1915 katika vita hivyo hivyo, kule Ufaransa. Kwa hiyo simcheki. Lakini nendeni mkasome yale maneno, mtafute humo jina la mpagazi mmoja, au kijiji kimoja, au uzito wa mzigo mmoja. Hamtapata. Aliandika msiba wa watu ambao hawakuwahi kukaa mbele yake juu ya kreti ya soda. Labda kama angetokea mama mmoja wa Kitui akamwambia "sikusema hivyo", maneno ya pale yangekuwa mengine, na pengine machache zaidi.

Mtaa jirani nao una kisa chake. Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Novemba 1952. Wasomaji wa Kiswahili tunalijua jina hilo kwa njia nyingine pia, kwa sababu ya James Mbotela wa Frere Town, aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Kitabu hicho kimelaumiwa kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama ina msingi. Hata hivyo kimejaa sauti za wazee waliopita utumwani, na ukikisoma unahisi walikuwapo wakimsikiliza mtu wao anavyosimulia. Ndiyo maana bado kinasomeka, pamoja na upungufu wake.

Sasa ndugu zetu wa pwani watanikatiza waseme: neno unalolihangaikia silo. Sisi tuna mtunzi, tuna malenga, tuna manju. Kweli kabisa. Kutunga ni kupitisha uzi, kama mtu anavyotunga shanga au samaki. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya kuchoma watu mbele ya uso wao, nao wakamjibu vivyo hivyo. Mengi hayakukaa kwenye karatasi bali katika vichwa vya watu wa Mvita, hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya miongo kadhaa baadaye, akishirikiana na mmisionari William Taylor, na kitabu kikatoka mwaka 1940, miaka mia moja kamili baada ya mwenyewe kuzikwa. Muyaka angeulizwa "kitabu chako kipi kinachotahiniwa?" angetunga shairi la kumtahini aliyeuliza.

Mimi naona Muyaka ana wajukuu, na hawako Mombasa peke yake. Wako Dandora. Mtaa ule ulianza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mtu alipewa kiwanja, bomba na choo, mengine ajijengee. Ukijengewa choo tu unajifunza kutunga nyumba yote iliyobaki kutoka kichwani. Hapo ndipo walipotoka vijana watatu wa Kalamashaka, na mwaka 1997 wakatoa "Tafsiri Hii". Wakati huo kijana wa rapu alitarajiwa kuiga Mmarekani hadi puani. Wao wakasimama na Kiswahili cha mtaa wao, na jina lenyewe la wimbo likawa amri kwa msikilizaji. Nani aliwaita waandishi? Karibu hakuna. Waliitwa wasanii, maana kwetu neno hilo lina upole wa kumfukuzia mtu mlangoni. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2003, Binyavanga Wainaina na wenzake walipoanzisha jarida la Kwani?, ndipo Sheng, Kiswahili hicho cha mtaani, ikapata kurasa za kifahari pamoja na waandishi wa "kweli".

Nakiri kosa langu hapa. Darasani nilikuwa hodari wa kupiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Sheng. Niliamini naikinga lugha. Siku hizi sina hakika. Sheng ina wahariri wakali kuliko wa ofisi yoyote ya uchapishaji niliyowahi kuingia. Neno lililotamba Dandora mwaka jana, litamke leo ndani ya matatu ya 58 ya Buruburu uone watoto wanavyokugeuzia shingo. Hakuna kamusi ya kujifichia. Umekosea, umechekwa, umejirekebisha au umenyamaza. Kiswahili kinachonitia wasiwasi sasa ni kile cha hotuba na ripoti, kilichonyooshwa kwa pasi, ambacho hakijawahi kuambiwa "nisomee" na mtu yeyote.

Msidhani namaanisha kwamba lazima uzaliwe hapa ndipo uandike ya hapa. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni. Aliolewa na Mluo, akakaa, akazeeka, akafia nchini mwetu Desemba 2015. Riwaya yake Coming to Birth ya mwaka 1986 inaanza na msichana wa Kijaluo anayeshuka garimoshi Nairobi katika siku za hali ya hatari, akimfuata mume anayeishi katika chumba kimoja. Msichana anatoka hospitalini baada ya mimba kuharibika, na anapotea njia. Kwa nyanya yangu, riwaya hiyo ilikuwa habari tu. Nilimsimulia kwa Kiswahili sura ya kwanza, naye akanikatiza kuniambia ni njia ipi msichana yule angeshika ili afike Pumwani. Hakuna aliyemwambia kwamba mwandishi alikuwa Mzungu, wala nyanya hakuuliza.

Nimefika kwa mtu ambaye sikutaka kumfikia.

Ken Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akakulia Cherangany. Jina la nyumbani lilikuwa Waliaula. Walibora alijitungia mwenyewe, kwa kulitia jina la ukoo katika Kiswahili, na nakumbuka wenzangu chumbani mwa walimu wakimsengenya kwa hilo: nani anajipa jina bora? Siku Njema ilitoka mwaka 1996, na walimu wale wale wakawa wanagombania nakala. Baadaye ikaja Kidagaa Kimemwozea, iliyotahiniwa nchi nzima kuanzia mwaka 2013 hadi 2017. Ikiwa ulikuwa kidato cha nne miaka hiyo, katika shule yoyote, unamjua Mtemi Nasaba Bora. Kule Kayole nilimsikia makanga akimwita hivyo mwenye ploti mmoja aliyezoea kukata maji Jumamosi, na abiria wote walielewa bila kuelezwa. Hapo ndipo kitabu kinapotoka mkononi mwa mtunga mtihani na kuingia mkononi mwa watu.

Katika kitabu hicho kuna Mwalimu Majisifu, ndugu yake Mtemi. Anaheshimika kama mwandishi. Siri yake ni kwamba mswada uliompa sifa si wake: aliuiba kwa Amani, kijana ambaye sasa anachunga ng'ombe wa Mtemi huyo huyo. Nimesahihisha mamia ya insha kuhusu Majisifu. Wanafunzi walipenda kuandika kwamba kosa lake ni wizi. Ni kweli, lakini mwizi wa kuku anaweza kumla kuku akashiba. Majisifu hakuweza kushiba. Kila mara kitabu kilipotajwa, alijua kuna mtu mmoja duniani ambaye angeweza kumwambia "sikusema hivyo", na mtu huyo alikuwa malishoni, umbali wa kupiga mluzi. Kujiita mwandishi kulimgeukia kuwa kazi ya kumkwepa mchunga ng'ombe.

Tarehe 10 Aprili 2020, siku za mwanzo za korona, Ken Walibora aligongwa na matatu katika Barabara ya Landhies. Ni pale pale, karibu na stendi niliyokwambieni, ambapo tulikuwa tukikabidhi barua na sukari. Familia na marafiki walimtafuta siku kadhaa, hadi alipopatikana katika chumba cha maiti, akiwa mmoja wa wasiotambuliwa. Kulikuwa na maneno mengi baadaye kuhusu vipi na kwa nini, na mimi si mpelelezi. Ninachokijua ni umbali. Kutoka pale alipoangukia hadi shule za Muthurwa, Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni ni mwendo wa miguu. Katika kila nyumba ya njia hiyo huenda mlikuwa na nakala ya kitabu chake, jalada limechanika, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, na pembeni kumejaa maelezo ya penseli.

Nilipopata habari nilikasirika, kisha nikaona aibu kwa hasira yenyewe. Nilikuwa nimeudhika kwamba mwandishi mkubwa alilala bila jina, kana kwamba wale wengine waliolala naye humo, wasio na Siku Njema, walistahili. Jina la mwandishi halimkingi mtu na gurudumu. Halimlipii kodi pia, kwa habari ya wanaoota. Mrabaha wa mwandishi kwa kawaida ni kama asilimia 10 tu ya bei ya kitabu, na kitabu kikipendwa kuna mtu mjini atakitoa kwa mashine yake usiku, akiuze kando ya njia kwa nusu ya bei, asikupe chochote. Shaaban Robert tunayemwita baba wa fasihi yetu alikula kwa ukarani wa serikali kwa miaka mingi. Hilo nalipita haraka, kwa sababu vijana wa Eastlands hawahitaji mhadhara juu ya kuhangaika.

Wanachoniuliza vijana wanaonitumia hadithi kwenye simu saa sita za usiku ni hiki: "Mwalimu, naweza kujiita mwandishi sasa?" Zamani nilikuwa najibu, chapisha kwanza. Sasa nauliza: umemsomea nani? Ukiniambia umewasomea wenzako wa klabu ya ushairi, nitakwambia vizuri, lakini hao ni waandishi wenzako na wanataka nawe uwapigie makofi kesho. Umemsomea yule mlinzi uliyemweka ndani ya hadithi? Umemsomea mamako? Katika kila chama cha akina mama wa mitaa hii kuna katibu, na katibu, mnajua, ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwandishi, ndugu wa damu wa kitabu na maktaba. Kila kikao kinaanza kwa katibu kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Mtu ananyoosha kidole: mimi sikutoa mia tano, nilitoa mia tatu. Inasahihishwa, inatiwa sahihi. Sijui shirika la uchapishaji lenye utaratibu wa haki kuliko huo.

Sasa mtaniuliza: wewe je? Nilijua swali hilo lingekuja, ndiyo maana nimeliacha mwisho, nikitumaini muda utaniokoa. Mwenyekiti hajanyanyuka, kwa hiyo nasema.

Miaka mingi iliyopita nikiishi Jericho, niliandika hadithi fupi kuhusu mama wa jirani aliyeachwa na mumewe. Sikumwuliza kitu. Nilikuwa na umbea wa ploti, nikaona unatosha. Katika aya ya mwisho nilimkalisha mlangoni alfajiri, shuka mabegani, akilia huku taa za barabarani zikizimika. Hadithi ikasifiwa. Ikaingia katika mkusanyiko. Nilibadilisha jina lake, lakini ni nani Jericho asiyejua ni mama gani aliyekuwa na mlango wa kijani na watoto wanne?

Binti yake aliisoma shuleni, akaileta nyumbani, ikasomwa chamani. Jumapili iliyofuata nikaitwa. Nilimkuta amekaa sebuleni, kitabu kiko mezani, na kiti kimoja kimetolewa. Akasema, "Mwalimu, keti. Nisomee."

Nilisoma. Hakunikatiza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa upole, na huo upole ndio ulionitoa jasho: "Nililia lini?" Nikakosa jibu. "Siku ile," akasema, "niliamka saa kumi nikaenda Gikomba. Nilifungua bale la suruali za watoto. Kamera zilikuwa ishirini na tatu. Ilipofika saa tatu asubuhi nilikuwa nimeuza zote. Andika hiyo."

Kwa wale wasiofanya biashara ya mitumba: kamera ni zile nguo safi za kwanza bale linapofunguliwa, na ishirini na tatu si haba.

Nikamwuliza, kama mpumbavu, "Yaani hukulia hata kidogo?"

"Hiyo sikukuambia," akanijibu. "Basi usiiandike."

Niliiandika upya. Nilikwenda kwake mara nne. Mara ya kwanza bei za suruali zilikuwa si sahihi. Mara ya pili nilikuwa nimemfanya shujaa, akasema shujaa hana deni kwa muuza mboga, na yeye alikuwa nalo. Mara ya tatu alicheka mahali fulani, nami nikapata nguvu. Mara ya nne alinyamaza, akaniomba kalamu, akaandika chini ya karatasi kwa mkono wake: "Nimesomewa." Akatia tarehe.

Karatasi hizo ziko kwake hadi leo, katika kopo la biskuti, pamoja na risiti za kodi ya kanjo na kadi za kliniki za watoto. Kitabu hakijapigwa chapa tena, na wachapishaji wameniambia hakitapigwa. Nakala zilizopo bado zinauzwa, na ndani yake mama huyo bado amekaa mlangoni, analia. Ikiwa mnayo nyumbani, nawaomba mchukue kalamu, mkate ile aya ya mwisho.